Dada Sinzia na Kioo Kilichofunikwa

Tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya macho atavua sare ya kijani kwa mara ya mwisho. Ametumikia miaka thelathini na mmoja, na mingi kati ya hiyo ameitumia kuwashika watu mkono wakati kope zao zikifanyiwa upasuaji.

Wengi wenu hamlijui jina lililo kwenye kitambulisho chake, na si kosa lenu. Mama yake alimwita Sinzia tangu akiwa mchanga, kwa kuwa kope zake zilikuwa nzito na kila aliyemwinamia alidhani mtoto anapitiwa na usingizi. Jina likamfuata shuleni, likamfuata chuoni, likaingia naye kazini bila kubisha hodi. Wagonjwa wakisikia kwamba atakayewahudumia anaitwa Sinzia hushtuka kidogo, kisha hucheka, na mgonjwa akishacheka, ganzi humwingia vizuri. Hilo la ganzi ni maneno yake, mimi simo.

Alianzia upande wa mtoto wa jicho. Alipohamishiwa kwenye kope, wenzake walimpa pole, wakidai huko ni kwa watu wanaotafuta urembo tu. Yeye aliona watu waliochoka kuulizwa kila asubuhi kama wamelia. Alikuwa akimketisha mgeni karibu na dirisha, anaomba kuona picha yake ya zamani, kisha anamweleza mambo kwa sauti ya chini kama anayesimulia ndoto. Kwamba daktari ataondoa ngozi iliyolegea na pengine mafuta kidogo, lakini mikunjo ya pembeni mwa jicho itabaki, na nyusi zilizoshuka hazitapanda. Kwamba kovu hujificha kwenye mkunjo wa kope. Kwamba macho mawili hayajawahi kuwa pacha, na hayatakuwa. Mwenye macho makavu, mwenye presha, na anayemeza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, aseme mapema. Na ngozi ikiondolewa kupita kiasi, jicho litakataa kufumba, kwa hiyo asimsukume daktari aongeze.

Waliokuja wakitumaini kumrudisha mume aliyeondoka aliwaambia waziwazi kwamba kope hazina nguvu hiyo. Baadhi yao walikunywa maji, wakashukuru, wakaenda zao. Daktari wetu hakumlaumu hata siku moja.

Ndani ya chumba cha upasuaji ndiko tutakakomkosa zaidi. Upasuaji huu mara nyingi hufanywa kwa ganzi, mgonjwa yuko macho na anasikia kila kitu, hata mkasi. Basi Sinzia huinama sikioni mwake na kumtembeza ndani ya nyumba isiyokuwapo popote. Anamfungulia mlango, anampitisha ukumbini penye pazia jeupe, anamlaza kwenye kitanda kilicho chini ya bati, na mvua inaanza. Sisi sote tumeisikia mvua hiyo. Daktari mmoja mwanafunzi aliisikia vizuri mno, akalala usingizi wa pono amesimama, mgongo ukutani, na mpaka leo anaitwa Bati.

Halafu kuna sheria yake ya kioo. Kioo cha chumba cha mapumziko hufunikwa kwa shuka la kijani, na mgonjwa halifunui mpaka nyuzi zitolewe. Uso uliovimba na kuvilia damu humtisha mwenyewe, naye Sinzia husema kwamba huo si uso bado, ni njia ya kwenda kwenye uso. Barafu, mto wa juu, kutosugua macho, na subira. Maumivu makali ya ghafla au kuona giza, hapo hakuna subira, ni kurudi hospitali mbio.

Mwaka jana kope zake mwenyewe zilishuka hadi kwenye mboni. Akawa anainua kidevu ili asome maandishi ya chupa za dawa. Daktari alimsihi afanyiwe, naye akapiga chenga miezi kadhaa. Tulidhani anaogopa kisu. Kumbe aliogopa kitu kingine kabisa.

Mama yake anaishi na mdogo wake Sinzia wa kiume. Kumbukumbu zimeanza kumtoka bibi huyo. Wajukuu huwaita wageni, na mwanawe huyo anayemlisha humwita fundi. Sinzia peke yake ndiye asiyepotea. Kila akiingia, mama huziangalia zile kope nzito na kumwambia, "Nenda kalale, mwanangu." Kwa maneno hayo familia nzima hujua kwamba bado anamtambua. Sasa kope zikiinuliwa, mama atamjuaje?

Alikubali hatimaye, kwa sababu aliye karibu kutoona chupa ya dawa hana budi. Zamu ya kusimulia ikawa yangu, mimi ninayetakasa vifaa, na nikiri nilimpitisha mlangoni nikakosa ukumbi. Akanong'ona kutoka mezani kwamba ukumbi uko kushoto. Daktari ilibidi asimame, maana mkono unaocheka haushoni.

Siku ya pili tulilikuta shuka la kioo limetundikwa nje ndani. Alikuwa amechungulia! Yeye, mwenye sheria! Tulitaka kumtania, lakini alikuwa amekaa kitandani, machozi yanapita kwenye nyuzi, akisema kwamba hata yeye hajajitambua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona analia kazini, na iliniuma.

Nyuzi zikatoka, uvimbe ukaisha, uso ukawa mzuri na ukawa wake. Hata hivyo hakwenda kwa mama. Alipiga simu tu, mpaka wifi yake akamwambia kwamba bibi ameanza kuuliza kama mtu fulani, ambaye jina lake halikumbuki, amelala. Jumapili hiyo nilimpeleka mimi. Aliingia na miwani myeusi, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaivua.

Mama alimtazama muda mrefu. Mdogo mtu alisimama mlangoni na taulo begani. Bibi akanyoosha kidole gumba, akakipitisha polepole juu ya kope moja, kisha nyingine, kama anayefuta ukungu kwenye dirisha. Kisha akatabasamu.

"Kumbe umeshaamka, mwanangu."

Sinzia akalaza kichwa mapajani mwake. Mimi nikatoka nje kuangalia gari, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Dada yetu sasa anahamia huko, chumba cha jirani na cha mama. Ahsante kwa mikono yako, kwa ukweli wako wa dirishani, na kwa mvua yako. Shuka la kijani tutalitunza, na Bati amekwisha kujifunza ukumbi uko wapi. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, na mama wa kukusalimu kila ukifumbua macho.

Kazi imekwisha, Dada Sinzia. Nenda kalale.