Fundi Aliyewageuzia Wateja Kisogo

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kisogo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1986, mtoto wa pili kati ya wanne, akasoma shule ya msingi kuanzia 1994 hadi 2000, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004, hesabu alifaulu, mengine tuyaache.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio, na tarehe 2 Februari 2009 akafungua kibanda chake cha simu, ambako kila mteja alipoandika nywila yeye aligeukia ukutani mpaka aambiwe tayari, na mama yake alizoea kumtania kwamba hajapata kuona biashara ya kuwapa wateja kisogo ikastawi.

Tarehe 8 Desemba 2012 alimwoa fundi cherehani wa kibanda cha pili, wakajaliwa watoto wawili.

Tarehe 9 Agosti 2019, wakati watu wakikamatwa kwa walichoandika mtandaoni, maofisa walimtaka afungue simu ambayo mwalimu aliyesambaza picha za darasa lisilo na paa alikuwa ameileta ibadilishwe kioo, naye akaomba kuona amri ya mahakama, hawakuwa nayo, wakamweka ndani siku ishirini na tatu. Mama yake, aliyempelekea chakula kila siku na magoti yake mabovu, alimwambia aifungue tu warudi nyumbani, akajibiwa, "Mama, leo yake, kesho yako," akaondoka amenuna, ila hakumwomba tena. Mwalimu yule hakufungwa, leo tumekaa naye hapa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anasafishwa damu, hadi Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na mafundi wenzake, ambao nao walipopelekewa ile simu ya mwalimu walisema haifunguki.

Mmeuliza kwa nini picha iliyo juu ya jeneza ni ya cheti cha shule. Nyingine zote zimo ndani ya simu yake, nywila hakumwachia mtu, mafundi wamejitolea kuifungua, na mama yake amekataa.

Pumzika salama, Fundi, nasi tumegeukia ukutani.