Armand Thibault, Aliyeingoja Kura ya Shemeji Yake

Marehemu Armand Joseph Thibault alizaliwa tarehe 3 Novemba 1951 katika kijiji cha Moulton Gore, kaskazini mwa Vermont, mtoto wa tatu wa Ovide na Blanche, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Baba yake siku hiyo alikuwa porini akiwinda kulungu. Bibi Blanche alimsema kwa hilo mpaka alipokufa.

Alisoma kwa masista, akamaliza sekondari mwaka 1969. Hesabu aliziweza, kukaa kimya kulimshinda.

Alifanya kazi kiwanda cha mbao hadi alipostaafu mwaka 2013, na kelele za misumeno zikamla sikio la kushoto. La kulia likaanza kuliwa na bunduki.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Lorraine Gingras. Msimamizi wake alikuwa kaka wa bibi harusi, Normand, mwenzake wa kambi ya uwindaji kila Novemba. Normand alipogombea kiti katika bunge la jimbo la Vermont, Armand ndiye aliyempigilia mabango barabara nzima, na akashinda.

Mwaka 2017 daktari alimwambia, "Mzee, kila risasi inakuibia kilichobaki." Kuziba sikio porini hakukumfaa, maana kulungu husikika kabla hajaonekana. Akaomba kiwambo cha sauti, kile kinachofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio. Serikali ya shirikisho ilimchunguza, ikachukua alama za vidole, ikamruhusu. Sheria ya jimbo ikasema akae nacho nyumbani. Kwenda kuwinda nacho, marufuku. Muswada wa kuondoa marufuku hiyo ulipofika bungeni, Normand alikula pai ya nyama mezani kwa dada yake, akaapa: "Shemeji, kura yangu unayo. Nikikugeuka, nisiitwe Gingras!"

Siku ya kura, Aprili 2019, Armand alivaa tai, jambo la ajabu kwake, akaketi na mkewe roshani ya wageni. Majina yakaitwa moja moja.

"Gingras."

Armand akamwinamia mkewe.

"Masikio yangu haya! Amesema ndiyo?"

"Hajasema kitu, Armand. Hayupo."

Muswada ulianguka kwa kukosa kura moja. Normand walimkuta koridoni, kikombe mkononi.

"Ah, shemeji, siasa hizi zina mambo yake. Tutajaribu mwakani."

"Ungesema hapana, ningekuelewa. Wewe umeenda kunywa kahawa!"

Hakuacha kuwinda, hilo lilikuwa lake, hatumlaumu mtu. Novemba 2020 alimpata kulungu mkubwa, na sikio la kulia likaenda na mlio huo. Tangu hapo hakumsikia tena Lorraine akimwita kula. Alituambia wazi kwamba uziwi ameuzoea, ila usaliti umemkaa rohoni. Alikuwa na haki, na sisi umetukaa.

Moyo ulianza kumsumbua Desemba 2021. Alifariki nyumbani tarehe 9 Januari 2022, mkono wake mkononi mwa Lorraine. Tumengoja barafu ilegee ardhini ili kaburi lichimbike, na leo, tarehe 14 Mei, tunamzika.

Ameacha mjane, Lorraine, binti, Céline, anayesoma wasifu huu, wajukuu wawili, dada yake, Huguette, na shemeji, Normand, ambaye ameomba kubeba jeneza. Mama amemkubalia. Ashike upande wa kichwa, na safari hii asitoke nje mpaka tumfikishe.

Mungu ampe Armand pumziko jema.