Kiti Alichokalia Winifred Goyette

Mchungaji, majirani, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki asubuhi ya leo, mimi ni Merle Pelkey, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, kwa kuwa aliyezoea kusimama mbele yenu ndiye huyu aliyelala hapa.

Winifred Pelkey Goyette alizaliwa tarehe 9 Novemba 1946, hapa Harlow Notch, Vermont, mtoto wa kwanza wa Leon na Bernice Pelkey, nami nikamfuata mwaka 1949, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kumfuata tu. Alisoma shule ya hapa mjini, akamaliza sekondari mwaka 1964, akaenda chuo cha ualimu, na miaka yote ya utoto wetu, kila Jumanne ya kwanza ya Machi, baba alimchukua yeye kwenda mkutano wa mji, ule ambao wananchi wote hukaa ukumbini kupigia kura mambo yao, mimi nikaachwa na ng'ombe wa kukamua, jambo ambalo sijalisamehe, na leo si siku ya kuanza.

Mwaka 1968 aliajiriwa kufundisha somo la uraia katika shule yetu, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2008, na wengi wenu mlifundishwa naye kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, kwamba anayetunga sheria asiwe ndiye anayehukumu, na kwamba asiyekuja mkutanoni asije akanung'unika dukani. Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Armand Goyette, mfugaji, ambaye alitutangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Denise na Rupert, ambao tunao hapa.

Machi 1981 mlimchagua kuwa msimamizi wa mkutano, yule anayeamua nani aseme na nani akae, na kwa kuwa kiti hicho hupigiwa kura upya kila mwaka, kila mwaka niligombea dhidi yake, na kila mwaka mkanibwaga. Niseme wazi, nilimwonea wivu, kijiba cha roho hasa, hata maharage yake ya kuoka aliyoleta mkutanoni yalikuwa hayanipiti kooni, na yalikuwa matamu kuliko ya kwetu, hilo nalo liliniuma.

Tarehe 3 Machi 2009 mlisimama kuhesabiwa, wanaomtaka yeye upande wa madirisha, wanaonitaka mimi upande wa jiko, tukatoka sare, na kwa kanuni zetu msimamizi, ambaye huwa hapigi kura, ndiye mwenye kura ya kuamua. Nikamwambia, "Si ujipigie tu, Winnie, tukale."

Akanijibu bila kupandisha sauti, "Kura hii nilipewa niwaamulie watu mambo yao, Merle, sikupewa nijigawie kiti. Tunarudia."

Tukarudia, watu wakahamia madirishani, hata mke wangu Charlene, amekaa pale na anajua namsema yeye, akavuka ukumbi mzima mbele ya macho yangu. Jamani, anayekushinda kwa hila unaweza kumchukia ukalala usingizi, lakini huyu alinishinda kwa haki, sasa hapo utashika wapi?

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akadhoofika, akafariki nyumbani kwake tarehe 11 Februari 2024, ardhi ikiwa imeganda, kwa hiyo kama desturi yetu mwili wake umehifadhiwa hadi leo, tarehe 18 Mei, udongo ulipokubali jembe. Katikati hapo ikafika Machi, jina langu likatajwa, halikutajwa jingine, mkaulizwa wanaokubali, mkaitikia ukumbi mzima, mkaulizwa wanaopinga, pakawa kimya, nikaenda kukaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopasua kuni na kuzoa theluji mlangoni kwake, walimu wenzake, na karani wa mji aliyemtembelea kila Jumapili.

Winnie, kiti ninacho. Lakini sikukitaka kikiwa kitupu, nilitaka nikunyang'anye ukiwa hai, umekaa mstari wa mbele unaniangalia, nawe umeondoka ukaniachia ushindi usio na mtu wa kumshinda. Upumzike kwa amani, dada yangu, na iandikwe kwamba mdogo wako alipinga.