Risala ya Wenye Maduka wa Dutwa Kuhusu Dume la Eufrasia na Fomu ya Sabuni

Mgeni rasmi, Ndugu Constantine Januarius, Meneja wa Mauzo wa Kampuni ya Sabuni Ng'aro, mheshimiwa diwani, nanyi wateja wetu mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza: mwangaluka.

KARIBU DUTWA

Sisi wenye maduka kumi na mmoja tunakushukuru kwa kuja mwenyewe. Tumezoea kumwona dereva wako, naye tukimwuliza jambo husema, "Mimi naleta katoni tu, mayu." Leo tumepata wa kumwuliza, na maswali tunayo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, miaka ile ya shida sabuni iligawiwa katika duka la ushirika, kipande kimoja kwa kaya, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyeita majina. Ukikikosa, ulifua kwa majani ya mpapai. Hakuna aliyeitangaza sabuni. Aliyeipata aliificha.

Sasa biashara imefunguliwa, sabuni za kila rangi zimejaa, na kampuni inatuambia tuipigie kelele. Tulishangaa. Mwenzetu Nyanjige, mwenye duka la karibu na stendi, alimwuliza dereva: "Sabuni yenu, jina lenu, kwa nini nitangaze mimi?"

Dereva akamjibu: "Na anayekuja kuinunua, mayu, anaingia duka la nani?"

Nyanjige alikaa na neno hilo siku mbili, kisha akatuambia, "Yule bwana ana akili."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuuelewa mpango wenu. Mwenye duka anatangaza jina la sabuni pamoja na la duka lake. Analipa kwanza, anajaza fomu, na kampuni inamrudishia nusu. Nusu ni yetu ili tusitangaze ovyo. Nusu ni yenu kwa kuwa nanyi mnafaidi. Kama tumeelewa vibaya, utusahihishe, hatutaona haya.

TULIYOYAFANYA

Ukuta tuliufikiria. Lakini ukuta husomwa na anayepita hapa, tena awe anajua kusoma. Ngoma hufuatwa na watu kutoka Zagayu kwa miguu. Basi baada ya kuvuna pamba, mwenzetu Eufrasia Maduhu, ambaye ni mjane, alitoa ng'ombe dume mmoja kati ya wawili anaolimia, akampa Bundala, kiongozi wa ngoma ya Bagika. Bundala akatunga wimbo, akaitaja Ng'aro, akayataja maduka yote kumi na moja bila kuruka hata moja.

Hapo tukafanya kosa ambalo sisi wazaliwa wa hapa hatukupaswa kulifanya. Ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na hawa hawapendi cha wale. Wapenzi wa Bagalu wakaanza kuisusa Ng'aro. Mama mmoja alimwambia Nyanjige mbele ya watu: "Mimi niogee wimbo wa Bundala? Nipe ile ya kijani!"

Nyanjige hakubishana. Alimpelekea mbuzi Mihayo, kiongozi wa Bagalu. Mihayo naye akatunga wimbo wake: Bagika wanaimba sabuni tu, wanaoiogea ni Bagalu. Uwanja mzima ulicheka, Bagika wenyewe wakiwamo, na kesho yake pande zote mbili zilikuwa madukani kuonyesha nani anaoga zaidi.

Mwezi Juni tulichukua katoni nne. Mwezi Septemba tulichukua kumi na tisa. Gari lenu ndilo lililozileta, kwa hiyo ushahidi mnao wenyewe.

TULIPOKWAMA

Fomu yenu ina nafasi ya ukuta, ya bango, ya gazeti na ya redio. Ya ngoma haina. Tuliandika "ngoma" pembeni, ikarudi na maneno: "Hakuna risiti." Tukamfuata Bundala. Akatuangalia, akasema, "Mayu, risiti ya wimbo? Si mmeshausikia?" Hata hivyo aliweka dole gumba kwenye karatasi ya daftari. Nayo ikarudi.

Hatuna hasira, mgeni rasmi. Tunataka kujua. Mchoraji akipaka ukuta usiosomwa na mtu, lakini akatoa risiti, mnarudisha nusu? Na kama ni hivyo, mnacholipia ni tangazo au karatasi? Labda iko sababu tusiyoiona kutoka huku. Tungependa kuisikia.

Siku tisini za kupeleka madai zinakwisha Ijumaa ijayo. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na plau haivutwi na dume mmoja. Sisi ndio tuliomwambia Eufrasia, "Toa, kampuni itarudisha nusu, nusu nyingine tutachanga." Nusu yetu tumeshaichanga, ipo. Lakini mnadani hawauzi nusu ya dume.

Mbuzi wa Nyanjige hatuidai kampuni. Kosa la kuusahau upande mmoja lilikuwa letu.

MAOMBI

Tunaomba fomu ya mwakani iwe na nafasi ya ngoma. Wenzetu wa Shishiyu wanasubiri kuona yetu yataishaje ndipo wajiunge na mpango.

Kwa fomu hii ya sasa, Bundala na Mihayo wako hapa na ngoma zao. Utawaona kwa macho yako, utayasikia majina ya maduka kwa masikio yako. Ukiridhika, tunaomba utie sahihi yako mahali pa risiti.

Na kama haiwezekani, tunakuomba usituachie barua. Mwambie Eufrasia kwa mdomo, leo, ili akaazime dume kwa jirani kabla wengine hawajamwahi. Amekaa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani.

Mungu akulinde njiani hadi Mwanza, na kazi ya mikono yako aibariki. Wabeja sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi, Umoja wa Wenye Maduka ya Rejareja Dutwa, Wilaya ya Bariadi.
Imesomwa na Monika Bujiku kwa niaba ya wote, 12 Oktoba 1996.