Kavuo Séphora na Maneno ya Wamama wa Kyavinyonge

Wapendwa muliokuja kulia pamoja nasi, wachungaji, majirani, na ninyi wamama muliotoka Kyavinyonge na njia yote ile, mimi ni Ananie, mudogo wa marehemu, jamaa imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Kavuo Séphora, na niseme wazi kwamba moyo wangu unauma.

Alizaliwa Kasugho tarehe 14 Machi 1968, kwa baba Kasonia na mama Florentine, akasoma shule ya musingi palepale, akaja Butembo kwa sekondari, akapata diplome mwaka 1987 na licence ya chuo kikuu katika sosiolojia mwaka 1993, na tangu utoto alikuwa mutu wa maulizo, hata baba alitangulia shambani mapema ili apumue kidogo.

Tarehe 22 Julai 1995, huko Beni, alifunga ndoa na shemeji yetu Muhindo Maliro, Mungu akawapa watoto wawili, Shekinah na Agar, nao ni hawa munaowaona mbele ya jeneza.

Mwaka 2003 aliingia katika ofisi moja ndogo, bureau ya Butembo yenye kusaidia wanafunzi wanaotafiti historia, desturi na maisha ya watu, akawatafutia usafiri, wakalimani na vitabu, lakini hakukubali mutu atetee kazi yake mbele ya walimu kabla hajarudi kwa wale waliomujibu maulizo yake, awasomee kwa sauti yale aliyoandika, kisha awaulize ni wapi amekosea. Wanafunzi walinung'unika, wengine walimuita polisi wa maneno, naye alicheka tu, na mwanafunzi wake Onésime, aliyekuta watu wa Mbau wamekimbia vita, alitumwa kuwatafuta Beni mpaka akawapata na kuwasomea.

Mwaka 2023 alianza utafiti wake mwenyewe juu ya wamama wauza samaki wa Kyavinyonge, kule kando ya ziwa, na siku ya kwanza kiongozi wao, Mama Hadjara, alimuambia bila kuficha: "Batafiti banakuya, banabeba maneno yetu, habarudiake tena." Dada aliahidi kwamba yeye atarudi.

Novemba 2024, alipokuwa amekwisha kuandika lakini hajarudi kuwasomea, akashikwa na ugonjwa wa figo, miguu ikavimba, waganga wa hospitali wakamukataza safari, na njia yenyewe haikuwa salama. Tulimusihi amutume Onésime asome kwa niaba yake, akatukasirikia, akasema ahadi ilikuwa yake, akageukia ukuta na kulia, na sisi wote tuliogopa kwamba atakufa na deni hilo moyoni.

Habari ikafika Kyavinyonge, na tarehe 3 Mei 2025 wamama wakaja wenyewe, wakaleta samaki ya kukausha, wakazunguka kitanda, naye akawasomea kwa sauti iliyokuwa inaisha. Alipofika pale alipoandika kwamba walianza biashara ili kusaidia waume zao, Mama Hadjara alimugusa mukono, akasema: "Hapana, dada yangu. Tulianza sisi, bwana zetu bakatufuata." Séphora alicheka, kitu ambacho hatukukiona tangu augue, Onésime akaandika upya sehemu ile palepale, wakasomewa tena, wakaitika.

Tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, alituacha, mukono wake ukiwa katika mukono wa shemeji Maliro.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani waliotuletea chakula na kuni, wenzake wa bureau, wanakwaya, na Mama Hadjara na wenzake, ambao kwao sisi hatuna neno la kutosha.

Sasa nami nimewasomea maisha ya mutu, na dada hangeniruhusu niketi hivi hivi. Ninyi muliomujua, ni wapi nimekosea? Simameni munisahihishe kabla hatujamupeleka kaburini, kwa maana ndivyo alivyotaka kazi ifanywe.

Na wewe, Séphora, maneno ya watu yamerudi kwa wenyewe. Lala kwa amani, dada, pumzika.