Mwanapili Wawili Ndani ya Kadi Moja

Mgeni rasmi, uliye pia mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya kituo chetu cha afya, na nyinyi wagonjwa wetu, karibuni. Bwana Muema, mkubwa wetu wa chumba cha kadi, alituandikia risala nzuri. Hatutaisoma. Tunasoma hii.

MAKARIBISHO

Karibu tena kituoni. Barabara ya kutoka Ukunda umeiona. Ndiyo ile uliyotuapia mwaka 1992 kwamba utaitengeneza. Sisi hatusahau.

TULIKOTOKA NA MAFANIKIO

Kadi za wagonjwa zilikuwa za karatasi, chakula cha mchwa. Mwaka jana, 1998, mkatuletea kompyuta. Hakuna aliyetufundisha, tulijifunza kwa kubonyeza na kukemewa. Sasa kadi hupatikana upesi. Kwa hilo ahsante.

LILILOTUCHANGANYA

Mwenzetu Kavata, binti wa wakulima waliotoka Ukambani wakapewa mashamba ya skimu ya serikali, ndiye aliyekuwa akiingiza majina. Huku mtoto hupewa jina la bibi yake, na kijijini Majoreni wapo akina Mwanapili Iddi wawili. Mmoja, sindano ya penisilini ni sumu kwake. Mashine ikamuuliza Kavata: hawa ni mtu mmoja? Kavata akashuku kwamba ni wawili, maana hata kwao majina hurithiwa. Lakini Bwana Muema alikuwa amemsimamia mgongoni.

"Bonyeza ndiyo, twende! Wakubwa wanataka kazi iishe."

Akabonyeza. Kadi mbili zikawa moja, na lile onyo la penisilini likapotea.

Mwanapili yule wa penisilini akaja, akadungwa hiyo hiyo. Koo likamvimba, akazimia, akaponea chupuchupu. Tukaamriwa tumwambie ni kudura ya Mungu. Kavata hakukubali. Akaenda wodini, akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Si kudura tu. Kidole kilichokosea ni changu."

"Marahaba. Kumbe si jini, ni wewe?" Mama akacheka kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa mwanangu, nimtukane nani? Wewe umekuja mwenyewe. Na hiyo mashine haina mama."

Kavata akafukuzwa kwa kutoa siri za kazi. La kidole alisamehewa. La ulimi ndilo lililomponza.

Hapo ndipo tulipopotea. Tuliapa kutunza siri ya mgonjwa. Je, tumfiche hata mgonjwa mwenyewe? Na mwenye kosa ni nani: aliyebonyeza, aliyeamuru, au fundi wa Nairobi aliyeitengeneza mashine bila kuuliza sisi huitana vipi? Mwenzetu Hafsa asema huyu, mwenzetu Randu asema yule, mpaka tumenuniana.

MAOMBI

Kavata arudishwe kazini. Sasa hivi yuko nje ya lango, askari amemzuia. Na majina yote yapitiwe upya, wenyewe wakiwapo.

Kisha liko hili. Tumeamriwa tuifute sindano ile katika mashine, isomeke kwamba haikudungwa kamwe. Hatujafuta. Barua ya kumfukuza Kavata ina sahihi yako, mheshimiwa, kwa hivyo tuambie wewe, mbele ya Mwanapili huyu aliyeketi safu ya kwanza: tufute au tusifute?

Ukinyamaza, hatufuti.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya, akupe na moyo wa kujibu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kadi, Kavata akiwemo.