Klara Paskali, Aliyewaweka Wazee Wawili Mstari Mmoja

Wapendwa waombolezaji, mapadre, masista na mashehe mliofika, wazee wetu shikamooni, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, nieleze njia aliyoipita dada yetu Klara, nami nitaisema ilivyokuwa, na penye kucheka mcheke, kwa sababu mwenyewe alituachia agizo hilo akiwa na akili zake timamu.

Klara alizaliwa Mgwashi tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa Mzee Paskali na Mama Yudith, akaanza shule ya msingi hapo hapo Mgwashi mwaka 1967, akasoma sekondari Kifungilo kuanzia 1974 hadi 1977, kisha uhazili Tabora, na Januari 1980 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma mjini Tanga. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Severin Shekiondo, fundi seremala wa hapa Lushoto, wakajaliwa Elizabeti mwaka 1983, Alphonce 1986 na Jenipher 1990, lakini jamani, ile ilikuwa ndoa ya mwisho wa mwezi, mke Tanga, mume Lushoto, watoto kwa bibi yao. Jenipher alipokuwa na miaka miwili alimwona mama yake akishuka kwenye basi, akamkimbia kama mgeni, na siku ile Klara alilia sana, akaapa kwamba akipata kazi milimani hatatoka tena.

Agosti 1993 shirika liliuzwa, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, na badala ya kukaa kinyonge akaenda Dar es Salaam kusomea kompyuta, akarudi na cheti na kitabu kinene kama tofali. Februari 1996 ushirika wa wakulima wa mboga wa hapa Lushoto, uliokuwa umepata kompyuta moja kuukuu, ulimpa majaribio ya miezi mitano, na mwenyekiti, Mzee Selemani, alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba mwisho wa Juni ukifika mashine haijawasaidia, itarudishwa kwenye boksi lake, na yeye atafute kazi kwingine. Kwingine kulikuwepo, maana kampuni moja ya Dar es Salaam ilikwisha kumwandikia, ikisubiri jibu hadi tarehe 30 Juni, na barua ile Severin aliiweka juu ya kabati la vyombo, akawa haitazami.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza kisanduku cha orodha, yaani kile kidirisha kwenye kioo ambamo majina yamepangwa moja chini ya jingine, karani akibofya jina linageuka bluu, likigeuka bluu limechaguliwa, na waliochaguliwa ndio ambao matenga yao ya kabichi na karoti yanapanda lori la siku hiyo, kisha orodha inachapwa na kubandikwa mlangoni. Klara alitueleza kwamba vifaa vya kutengenezea madirisha ya kompyuta huja na kisanduku hicho kikiwa tayari, wewe unakiambia tu kama karani achague jina moja au mengi, na kama majina yajipange yenyewe kwa alfabeti, naye akasema yajipange, akaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha hata kidogo! Asubuhi ya kwanza karatasi ilipobandikwa, aliyeongoza alikuwa Abeli, kijana wa miaka kumi na tisa, ndevu bado, na Mzee Timotheo Kaoneka, ambaye Abeli humwamkia shikamoo akiwa bado ng'ambo ya barabara, alikuwa karibu na mkiani. Wazee walichachamaa, wakauliza kwa Kishambaa na kwa Kiswahili ni binti wa nani huyu anayefundisha watoto kuwatangulia baba zao, wala haikusaidia kuwaeleza kwamba wote wanapakia lori moja, na mimi mwenyewe, leo naungama, nilikuwa upande wa wazee.

Klara hakubisha, maana kwa mtu wa Mgwashi kusahau jambo la namna hiyo ni aibu tupu, akazima alfabeti, akaweka nyuma ya kila mstari mwaka wa kuzaliwa wa mwenye jina, usioonekana kwa macho lakini kompyuta inausoma, mkubwa akae juu, mdogo chini, kisha akavaa viatu vya mpira, akazunguka vijijini wiki tatu kuulizia miaka, hadi Irente, hadi kwetu Mgwashi. Ilibaki wiki moja na tatizo moja, Mzee Timotheo na Mzee Hashimu Shechambo, waliogombana juu ya maji ya mfereji na wasiojuliana hali miaka ishirini na sita, kila mmoja akiapa kwamba alimtangulia mwenzake kuzaliwa, na kwamba akiwekwa wa pili anatoka kwenye ushirika na ukoo wake wote. Mwenyekiti akasema bila hao wawili hakuna ushirika, na Severin, kimya kimya, akaanza kumtengenezea mkewe sanduku la safari.

Tarehe 28 Juni Klara aliwaandika wote wawili katika mstari mmoja, ule wa kwanza kabisa, leo jina hili likianza, kesho lile, na kwa kuwa mstari ukibofywa huchaguliwa mzima, Timotheo akileta kabichi ilimpasa Hashimu naye alete karoti, la sivyo wote wangoje lori lijalo. Walifoka, lakini hakuna aliyeweza kusema amewekwa wa pili, na kwa kuwa kabichi haingoji, Mzee Hashimu alilazimika kupanda kilima kwa miguu yake kumuuliza mwenzake anavuna lini, akakaribishwa chai, akanywa vikombe vitatu, na tangu hapo hawajaachana, wako pale benchi la mbele. Klara akapewa kazi ya kudumu, barua ya Dar es Salaam ikajibiwa kwa shukrani, na mbao za lile sanduku Severin akatengenezea kitanda cha Jenipher, huku akipiga mluzi mpaka majirani wakamuuliza amekunywa nini.

Januari 2005 Klara alianza kuugua figo, madaktari wakashauri ahamie Dar es Salaam karibu na matibabu, naye akakubali kutibiwa, kuhama akakataa, akaenda mara nne na mara zote nne akarudi, na tarehe 6 Novemba 2005, saa nne asubuhi, akafariki nyumbani kwake, mkono mmoja ameshikwa na mumewe, mwingine na Jenipher, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kuteka maji bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake wa ushirika, hasa Husna na Rehema aliowafundisha kazi. Dada Klara, kaburi lako liko hatua thelathini kutoka mlangoni kwako, hakuna barua itakayokuita tena, umebaki nyumbani, pumzika hapa kwa amani.